Marafiki wakikwambia "sema ni wewe": mwongozo wa dai la ajali kwa mwenye gari Uganda

Aliyekuwa kwenye usukani ni shemeji yangu. Ilikuwa Jumamosi usiku, tunatoka Mukono kurudi Kampala, barabara ya Jinja imejaa kama kawaida yake, na pale Seeta Fuso iliyokuwa mbele yetu ikasimama ghafla. Premio yangu ikaingia chini ya mkia wake. Bampa, taa zote mbili, boneti, redieta. Hakuna aliyeumia, ila mimi niliuma ulimi. Nusu saa baadaye wakafika marafiki zetu watatu kwa bodaboda, na kabla hawajatuuliza kama tuko wazima walikuwa tayari wameshapanga kila kitu: "Pamiti ya shemeji imeisha tangu mwezi wa tatu. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Umesikia? Wewe ndiye."

Pamiti ndiyo leseni ya kuendesha gari. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi na yalijaa huruma. Tatizo ni kwamba wa kuyasaini ni mimi.

Sisi tunaoongea Kiswahili hapa mjini tumetoka kila upande: Malaba, Arua, Bunia, Mombasa kwa waliofuata malori. Tunasaidiana sana, na ndiyo maana uongo wa bima huja kwetu ukiwa umevaa nguo za msaada. Anayekushauri udanganye siyo tapeli, ni mtu aliyekuchangia kwenye harusi. Ninaandika hatua hizi kwa aliye katikati ya watu wa namna hiyo, gari limevunjika, simu haiachi kuita.

Hatua ya 1: Shughulika, usitunge

Dakika za kwanza ni za mikono. Angalia nani ameumia. Piga 999 au 112. Weka alama ya hatari barabarani, kwa sababu usiku malori hayana breki za kukuhurumia. Kisha piga picha: magari yalivyosimama kabla hayajasogezwa, namba za magari yote mawili, alama za tairi, stika ya bima ya mwenzako, kioo, barabara yenyewe pande zote mbili.

Halafu fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Jitenge hatua kumi, fungua simu, jirekodi kwa sauti yako ukieleza kilichotokea: mlikuwa nani na nani, nani aliendesha, mlitoka wapi saa ngapi, mvua ilikuwepo au la. Dakika mbili zinatosha. Rekodi hiyo ni yako mwenyewe. Baada ya siku nne za kushauriwa na watu kumi, utashangaa jinsi kumbukumbu yako inavyoanza kuongea kwa sauti za watu wengine. Mimi niliisikiliza yangu tena Jumatatu asubuhi nikagundua nilikuwa nimeanza kuamini kwamba Fuso haikuwa na taa za nyuma. Ilikuwa nazo. Niliisema mwenyewe: "taa zake zinawaka, nyekundu, ya kushoto hafifu."

Hatua ya 2: Jua unauziwa uongo wa aina gani

Watu husema "sema tu" kana kwamba uongo wote ni mmoja. Huku kwetu nimeuona wa aina tano, na kila mmoja hufia mahali pake.

Wa kwanza ni wa dereva, kama wetu. Aliyeendesha hana pamiti, au pamiti yake imeisha, au alikuwa amekunywa na watu wa kawunyemu, polisi wanaopima pombe, wangemnasa, basi anabadilishwa. Huu huonekana mwepesi kwa sababu ni jina moja tu linalobadilika. Lakini dereva wa Fuso alishuka akamfokea shemeji kupitia dirisha la kulia kwa dakika tano nzima. Mwanamke wa chapati aliyekuwa kando ya barabara alimwona shemeji akitoka upande wa usukani. Tungewabadilisha na hao?

Wa pili ni wa kazi ya gari. Umekata bima ya matumizi binafsi, lakini wikiendi gari linapiga spesho, yaani teksi ya kukodiwa, hadi Entebbe. Ajali ikitokea, abiria anageuzwa binamu. Huyo "binamu" ana simu yake, ana hasira yake ya kukosa ndege, na akiwa ameumia atakwenda polisi na hospitali mwenyewe, ambako ataulizwa alilipa nauli kiasi gani.

Wa tatu ni wa tarehe. Bima iliisha Alhamisi, ajali ni Ijumaa, mtu anakushauri ukate bima Jumamosi kisha ajali iwe ya Jumapili. Huu ndio wa kipumbavu kuliko yote, samahani kwa neno. Kitabu cha matukio cha polisi kina saa. Picha za simu zina saa. Malipo ya bima kwa simu yana saa hadi sekunde. Na Kampala na maeneo ya jirani kuna kamera za polisi barabarani tangu 2018.

Wa nne ni wa mikwaruzo ya zamani: "Maadamu gari liko gereji, weka na ule mlango wa nyuma humohumo." Huu hutoka kwa fundi mara nyingi kuliko kwa rafiki, na ndio unaowapata watu waadilifu kabisa, kwa sababu haufanani na wizi. Unafanana na kubana matumizi.

Wa tano ni wa abiria hewa. Serikali ina wafanyakazi hewa, nasi tuna abiria hewa: watu ambao hawakuwemo kwenye gari, wanatafutiwa karatasi za hospitali ili wadai fidia ya kuumia. Hapa nataka usimame kidogo uhesabu. Bima ndogo, ile ya lazima kwa mtu wa tatu chini ya sheria ya mwaka 1989, hulipa kwa watu kuumia au kufa. Bampa ya jirani haimo. Na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kimekuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Hiyo milioni moja ndiyo mnayopanga kugawana kati ya anayedai, daktari wa kughushi, na aliyeleta wazo.

Vijana wa Kampala wana neno lao kwa mambo haya, kiwani, yaani feki. Ukisikia mtu anacheka anapolitamka, ujue mahesabu hayo hajayafanya.

Hatua ya 3: Soma karatasi yako ya bima kabla hujaamini kwamba uongo unahitajika

Hatua hii peke yake ndiyo iliyoniokoa, na karibu niiruke.

Wote tuliosimama pale Seeta tuliamini kwamba pamiti iliyoisha ni sawa na hakuna malipo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma bima yangu, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilikuwa nayo kwenye bahasha chini ya kitanda, haijafunguliwa tangu siku niliyokata. Usiku ule nikaifungua. Ilikuwa bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, kwa sababu benki iliyonikopesha hela ya gari ilinilazimisha. Kwenye kifungu cha dereva iliandikwa, kwa Kiingereza chao kirefu, kwamba anaruhusiwa kuendesha mtu yeyote niliyemruhusu ambaye ana leseni au *aliwahi kuwa nayo* na hajazuiwa na mahakama kuendesha. Aliwahi kuwa nayo! Shemeji ana pamiti tangu akiwa na miaka ishirini na mbili. Alichelewa tu kulipia upya.

Kifungu cha namna hiyo kimo katika bima nyingi za magari. Si zote, ndiyo maana nasema soma yako. Lakini fikiria: marafiki zangu walitaka kuniokoa kutoka kwenye shimo ambalo halikuwepo, kwa kunisukuma kwenye lililopo. Maana karatasi hiyohiyo, ukurasa wa pili wake, ilisema kwamba dai likiwa na udanganyifu wa aina yoyote, haki zote za malipo zinapotea. Zote. Ukidanganya kuhusu dereva, hupotezi sehemu ya dereva tu; unapoteza bampa, boneti na kila kitu, hata kile kilichokuwa cha kweli.

Unapoisoma, tafuta mambo haya. Nani anaruhusiwa kuendesha. Gari linaruhusiwa kufanya kazi gani. Unatakiwa kuwapa taarifa ndani ya muda gani. Na eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kwangu ilikuwa asilimia 10 ya dai. Eksesi ndiyo inayowafanya mafundi waongeze bei ya makadirio "ili ujirudishie". Ukishaijua mapema, unaacha kuiona kama wizi unaohitaji kulipiziwa kisasi.

Ikiwa Kiingereza cha karatasi kinakushinda, mpelekee wakala aliyekuuzia akusomee kwa Kiswahili, tena mwambie akuonyeshe kwa kidole mstari ulipo. Si kukueleza kwa ujumla. Kwa kidole.

Hatua ya 4: Hesabu mahali utakapoisaini hadithi

Marafiki huongea kana kwamba unasema mara moja na kwisha. Nilihesabu: hufika mara tano.

Ya kwanza ni polisi. Unatoa maelezo, afande anaandika, unapewa namba ya kumbukumbu. Maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Wewe unaweza kuyatoa kwa Kiswahili, maafande wengi wanakielewa vizuri kuliko wanavyojionyesha, lakini omba usomewe tena kwa Kiswahili kabla ya kuweka sahihi, na ukitafsiriwa na mtu, jina lake liandikwe pale. Mimi nilisomewa nikakuta "dereva alikuwa akiendesha kwa kasi." Sikusema hivyo. Nilisema tulikuwa karibu mno na Fuso. Ilirekebishwa kwa dakika moja, kwa kalamu, tukaweka sahihi kando ya rekebisho.

Ya pili ni mkaguzi wa magari wa polisi, ambaye madereva humwita IOV. Anakagua breki, tairi, taa, na kuandika ripoti yake. Ya tatu, kama kuna aliyeumia, ni ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, PF3. Ya nne ni fomu ya dai ya kampuni, na chini kabisa ya fomu hiyo kuna maneno ya kuapa kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Ya tano ni mkadiriaji wa hasara, asesa kwa lugha ya gereji.

Huyu wa tano acha nimweleze kidogo, kwa sababu ndiye marafiki wasiyemfikiria kamwe. Wetu alikuja gereji Ndeeba siku ya Jumatano, mtu mfupi, mpole, amevaa suruali ya kitambaa ambayo hakuogopa kuichafua. Hakuuliza lolote kwa robo saa. Alichuchumaa mbele ya gari, akapitisha ukucha kwenye mkunjo wa boneti, akaangalia kama rangi iliyopasuka ina vumbi ndani. Kwenye mlango wa nyuma, ule wa mkwaruzo wa zamani, aligusa mara moja tu akaona kutu, akasogea. Kutu ya namna ile haioti kwa siku nne. Kisha akafungua mlango wa dereva, akaketi, na miguu yake ikabaki inaning'inia mbali na pedali. Shemeji ni mrefu kama mlingoti. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho na hakuna aliyekigusa tangu Jumamosi. Mimi na asesa tunalingana urefu. Akanitazama kupitia kioo kilichopasuka, akauliza kwa upole kabisa: "Nani alikuwa anaendesha?"

Nikamjibu ni shemeji yangu. Akaandika. Akaendelea na kazi yake.

Nimemfikiria mara nyingi yule mtu na swali lake. Fundi wetu alikuwa amesimama pale, na tulipoachwa peke yetu alisema tu, "Ee, bwana." Tangu hapo hakunitajia tena mlango wa nyuma.

Katika sahihi zote hizo, hesabu majina ya marafiki zako. Hakuna hata moja.

Hatua ya 5: Kataa mapema, kwa maneno uliyoyaandaa

Ukisubiri hadi mlangoni mwa kituo cha polisi umechelewa. Wameshakubaliana, wameshampigia mtu anayemjua afande fulani, na kukataa kwako sasa kunaonekana ni usaliti. Kataa wakati hadithi bado ni wazo.

Lakini usikatae kwa hotuba. Hotuba huwaambia kwamba unawaona wezi, na wao walikuja kwa bodaboda usiku kwa ajili yako. Kila mtu ana namna yake ya kuambiwa.

Aliyeendesha ndiye mwenye hofu zaidi, hata kama wengine ndio wanaopiga kelele. Anza naye, pembeni. Mimi nilimwambia: "Shemeji, sikutupi. Tunaingia kituoni pamoja na tunatoka pamoja. Faini ya pamiti tutaitafuta. Ila jina la dereva ni lako." Alinyamaza sana. Kisha akauliza kama dada atajua. Nikamwambia dada ameshajua, alipiga simu saa ile ile ya ajali.

Mzee au kaka mkubwa anayekuagiza, usimbishie hadharani. Mshukuru kwanza, kwa sababu kweli anataka kukunusuru: "Mzee wangu, nimekusikia, na asante kwa kutoka usiku. Ila jambo hili nitaulizwa mimi, tena na watu watano tofauti. Niachie niseme lile ninaloweza kulirudia mara tano bila kubadilika." Mzee wa heshima hapo atanung'unika, lakini atakuachia.

Fundi mpe kazi badala ya kumpa somo: "Fundi, niandikie makadirio mawili. Moja la ajali, moja la mambo ya zamani. Hilo la pili nitakulipa mwenyewe polepole." Anachotaka fundi ni kazi. Ukimhakikishia kazi, uongo unakosa mwenyewe.

Rafiki wa kundi la WhatsApp ni mgumu kuliko wote. Pale kuna watu kumi na wanne, kila mmoja ana mjomba aliyelipwa milioni kadhaa kwa kusema hivi na hivi. Usibishane. Usijibu "sawa" wala kuweka kidole gumba ili mradi wanyamaze; hiyo "sawa" itasomwa siku moja kama makubaliano. Andika mara moja tu: "Nitaeleza lililotokea kama lilivyotokea. Asanteni kwa kutujali." Kisha funga sauti ya kundi kwa wiki moja. Usifute mazungumzo.

Na kuna swali moja ambalo nimeona linamaliza ubishi wa mtu yeyote anayekazania. Ulizia kwa utulivu, kama mtu anayeomba msaada wa kweli: "Basi twende wote, na wewe uandikishe maelezo kwamba uliona naendesha. Utaweka sahihi?" Watatu wa kwetu, wawili walikumbuka kwamba wana kazi asubuhi. Wa tatu alisema yuko tayari. Huyo ndiye niliyemhofia zaidi, kwa sababu ananipenda kweli na angefungwa kwa ajili yangu. Ilibidi nimwambie waziwazi kwamba hakuwa pale.

Hatua ya 6: Kama wewe si mwenye gari bali shahidi

Fupi tu. Ulikuwa abiria, au ulipita, na mwenye gari anakuomba "umsaidie". Sema ulichokiona. Kama hukukiona, sema hukukiona. "Sikuona" ni ushahidi halali na hakuna anayeweza kukulazimisha uujaze. Mwambie mwenzako mapema utakachosema, ili asije akakushtukia mbele ya afande. Na usikubali kusaini karatasi ambayo mtu mwingine ameijaza kwa niaba yako, hata kama ni ya kweli kwa asilimia tisini.

Hatua ya 7: Kama umeshadanganya

Wengi watakaosoma hapa wako kwenye hatua hii, najua.

Kwanza, tofautisha ulipofikia. Kama umedanganya kwa mdomo tu, kwa wakala kwenye simu, bado hujaweka sahihi popote, rekebisha leo. Mpigie, kisha mwandikie ujumbe ili ibaki kumbukumbu: "Nilichokueleza kuhusu dereva hakikuwa sahihi. Maelezo sahihi ni haya."

Kama umeshasaini fomu ya dai lakini hujalipwa, andika barua kwa kampuni, taja namba ya dai, eleza kipi si sahihi na kipi ni sahihi, bila kujitetea sana. Huenda wakakataa dai. Huenda wakalikata. Hilo ni pungufu kuliko kinachofuata ukilipwa, maana kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai Uganda, na kifungo chake ni hadi miaka 5. Ukiongeza karatasi ya hospitali ya kughushi, hilo ni kosa jingine peke yake. Na waliokushauri wanaweza kuunganishwa kwa kula njama, jambo ambalo unaweza kuwatajia siku wanapokucheka.

Kama ulitoa maelezo ya uongo polisi, au umeshalipwa, usiende peke yako. Muone wakili kwanza, kisha ndiyo uende kutoa maelezo ya nyongeza. Usiye na hela ya wakili, Uganda Law Society wana mradi wa msaada wa kisheria, na Justice Centres Uganda nao huwasaidia wasio na uwezo. Mweleze wakili yote, hata yale ya aibu, ndicho alichosomea.

Usijaribu kurekebisha uongo wa kwanza kwa wa pili ulio mdogo zaidi. Watu hufanya hivyo: badala ya "nilikuwa naendesha mimi" wanasema "tulikuwa tunabadilishana". Njia ya mwongo ni fupi, na hii ndiyo kona yake.

Hatua ya 8: Wakikwambia "hawa wa bima hawalipi hata ukisema kweli"

Hapa siwezi kuwatetea watu wa bima kwa moyo wote. Nimeona madai ya kweli yakikaa miezi, faili likisemekana liko mezani kwa mtu aliye likizo. Hoja hii ya marafiki ina uzito, ndiyo maana inawashinda wengi.

Lakini jibu lake liko. Dai lolote liandikie barua na uweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi na kifungu walichokitegemea. Wasipokujibu au usiporidhika, nenda kwenye ofisi ya malalamiko ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, ile IRA. Kupeleka lalamiko huko ni bure, na huhitaji wakili. Utakwenda na nini? Na namba ya polisi, ripoti ya IOV, picha, barua zenye muhuri. Mwenye hadithi ya kweli hubeba mkoba huo bila kuogopa ukurasa wowote uliomo. Aliyedanganya hawezi hata kulalamika akionewa, kwa sababu lalamiko litafungua faili.

Kwa madereva wa masafa, wale wa Mombasa na Malaba hadi Kampala na kuendelea: kama gari la kigeni ndilo lililokugonga, uliza kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvuka mipaka, na upige picha namba yake. Usikubali kumalizana kwa elfu hamsini kando ya barabara kwa ahadi kwamba "bima ya Kenya hailipi hapa." Kadi hiyo ipo kwa ajili ya ajali za nje ya nchi ya gari.

Hatua ya 9: Maliza hesabu na aliyeendesha

Mara nyingi kinachojificha nyuma ya uongo wa dereva ni deni. Shemeji hakuogopa polisi kama alivyoogopa kuwa na deni langu na kudaiwa ndani ya familia. Kwa hiyo siku ile ile mlipokubaliana kusema kweli, kaeni mpige hesabu, na mwandike.

Dai letu lilikadiriwa shilingi 4,800,000. Kampuni ilichukua wiki saba, ikalipa gereji, ikaniachia eksesi ya 480,000. Shemeji alilipa faini yake na kulipia pamiti upya. Eksesi tuligawana nusu kwa nusu: mimi 240,000 mara moja, yeye 80,000 kila mwezi kwa miezi mitatu kwa simu. Mwezi wa kwanza kwenye nafasi ya sababu ya malipo aliandika "deni". Wa pili hakuandika kitu. Wa tatu, ujumbe uliingia nikiwa foleni ya Nakawa, akiwa ameandika: "taa ya kushoto".